Kesi Aliyoiondoa Arvella Stubbs

Watu wa hapa Tullis wakimtaja Arvella Stubbs siku hizi, husema, "Yule aliyekishtaki kiwanda halafu akarudi mbio." Maneno hayo yananitia uchungu. Arvella hakurudi mbio. Alirudishwa, na aliyemrudisha alikuwa mtu wa kula naye sahani moja. Mimi Zelma nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo nitayasema, na atakayenuna anune.

Sisi ni watu wa kambare. Mama zetu walipalilia pamba katika ardhi hii hii ya Mississippi. Baadaye wenye mashamba waliona pamba haiwalipi, wakaleta matingatinga, wakachimba mabwawa palipokuwa na matuta, wakafuga samaki. Tukatolewa juani tukaingizwa kwenye baridi. Mwanamke mweusi asiyesoma sana hana kazi nyingine hapa, ila kusafisha nyumba za wenye mabwawa, na nyumba zenyewe si nyingi.

Arvella aliingia kiwandani akiwa msichana, nywele zake bado amezisuka za shule. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na usafi wake ulikuwa wa kuudhi. Sisi tulivaa wavu wa nywele hadi utoboke, yeye aliufua wake kila jioni. Mumewe Lonzo alifariki mapema, akamwachia watoto watatu na paa linalovuja, naye akawalea wote kwa kisu cha kupasulia minofu. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa letu na suti nyeupe na glavu nyeupe, akiwaonyesha watu viti. Ukichelewa, hakukuambia kitu. Alikuangalia tu, nawe mwenyewe ukaenda kukaa nyuma.

Kazi yetu ni hii. Mkanda unamleta kambare, kichwa kimeshakatwa. Unamshika, unapitisha kisu ubavuni kutoka juu hadi mkiani, mnofu unatoka, unamgeuza, unapitisha tena, unasukuma mifupa, na mwingine ameshafika. Hivyo hivyo tangu asubuhi, mikono kwenye maji ya barafu, mashine zinanguruma mpaka inabidi tuvae vizibo vya masikio. Wageni walikuwa wakikatakata samaki vipande vipande, wakilia. Arvella aliwasogelea, akawashika kifundo cha mkono. "Usimkate," aliwaambia. "Mvue koti." Wengi waliobaki kiwandani walijifunza kwake, na mmoja wao ni mimi.

Lakini kisu kinakula mikono. Kwanza vidole vinakufa ganzi ukilala, halafu hata ukiwa macho, halafu vinakunjika na havinyooki tena. Mikono ya Arvella ilifika huko. Vifungo vya gauni alifungwa na binti yake. Zile glavu nyeupe za kanisani, watu walidhani ni mapambo, kumbe zilimsitiri. Daktari wa Greenwood alimwambia waziwazi achague: aache kisu au ajiandae kulishwa kwa kijiko.

Mlango wa kutoka kwenye kisu ulikuwa mmoja, nao ni usimamizi wa laini, yaani safu yetu ya wenye visu. Msimamizi hashiki samaki. Anatembea nyuma yetu na saa yake, anaangalia nani anakwenda pole pole, nani anahitaji kwenda chooni. Tangu kiwanda kifunguliwe, wasimamizi walikuwa wanaume weupe. Sisi wenye visu karibu wote ni wanawake weusi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, ilikuwa hivyo kama mvua inavyonyesha kutoka juu.

Nafasi ilipotokea, Arvella alipiga moyo konde akaenda kumwomba Bwana Haskell, meneja wa zamu. Alimkuta kwenye chumba cha barafu. Chumba hicho nikieleze kidogo. Mlango wake ni mnene, ukiufunga kelele za mashine zinakatika kabisa. Ndimo tunamochota barafu kwa koleo, tukitoa vizibo masikioni na kupumua na kusengenyana. Siri zote za Tullis zimepita chumba kile. Siku hiyo Mozelle Griggs alikuwa humo, anajaza beseni.

Mozelle alisimama kulia kwa Arvella kwenye laini, mimi kushoto. Alikuwa mfupi, mnene, na mdomo wake haukujua kulala. Yeye na Arvella walikuwa chanda na pete. Walibatizwa siku moja, walizaa miaka ileile, walizika waume. Mozelle alichekesha hadi watu wakajikata vidole. Arvella hakucheka kwa mtu mwingine yeyote, ila kwa Mozelle angeinama, mabega yakimtetemeka, aibu yote imemtoka.

Basi Mozelle alitoka na beseni lake macho yamemtoka, akanivuta hadi nyuma ya mapipa.

"Zelma! Umesikia mwenzetu alichoambiwa?"

"Nitasikiaje nami niko huku?"

"Haskell kamwambia, 'Wewe ni hodari, sikatai, lakini wale vijana wa mashine hawatakubali kuamrishwa na mwanamke mweusi.' Hivyo hivyo! Hana hata haya. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili, nikabaki na koleo hewani kama sanamu!"

Arvella alitoka nyuma yake. Alirudi kwenye kisu, na mchana ule wote sikumwona akimtazama mtu usoni. Wiki iliyofuata nafasi akapewa mpwa wa Haskell, kijana aliyekuwa hajui tumbo la kambare liko upande gani. Hakudumu. Baridi ilimshinda, akakimbilia kuendesha malori. Lakini alikuwa ameshapewa, na Arvella alikuwa ameshanyimwa.

Alikwenda Jackson kwenye Tume ya serikali inayosikiliza malalamiko ya ubaguzi kazini. Walimpokea vizuri, wakaandika maelezo yake, wakampa karatasi yenye muhuri na namba. Sasa hapa ndipo mnapaswa kutuelewa. Kiwandani kwetu, kila asubuhi mlinzi wa getini hutugawia vibati vyenye namba. Ukishapata namba, umeingia. Nafasi ni yako, hakuna wa kukuuliza. Asiye na namba anarudi nyumbani. Tumeishi hivyo miaka na miaka. Kwa hiyo Arvella alipopewa namba Jackson, aliielewa kama yeyote kati yetu angeielewa.

"Nimepata namba," alituambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu siku ya chumba cha barafu.

"Basi unangoja nini?" Mozelle alisema. "Ingia!"

Akaingia. Alikwenda mahakamani Greenville, akajaza karatasi mwenyewe, akakishtaki kiwanda. Karani alizipokea, na kwa kuwa zilipokewa, sote tukaona mambo yamekwenda sawa. Kanisani tulimwombea. Na kweli kiwanda kilitikisika. Haskell alianza kutuamkia asubuhi. Nafasi ya usimamizi ikabaki wazi, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Halafu wakili wa kiwanda akajibu. Jibu lilikuwa fupi. Huyu mama, alisema, amekuja mahakamani kabla ya wakati. Sheria inataka Tume imalize kwanza kazi yake na impe barua ya ruhusa. Barua hana, ana namba tu, na namba ni ya kuonyesha kwamba malalamiko yamepokelewa. Kwa hiyo kesi itupwe.

Arvella alilisoma jibu lile akiwa amekaa kitandani, viatu hajavua. Nilimkuta hivyo. "Zelma," aliniuliza, "kumbe namba si kuingia?"

Tulimpata wakili, msichana mdogo aitwaye Bi Whitlow, aliyekuja Jumamosi kusaidia watu bure kwenye maktaba ya wilaya. Alikuwa na mafua muda wote, lakini kichwa chake kilikuwa safi. Alimweleza Arvella kwamba hajaharibu kitu. Njia zipo mbili. Ya kwanza, kumwomba jaji aiache kesi ilale palepale mpaka barua ya Tume ije. Jaji anaweza kukubali, anaweza kukataa. Ya pili, Arvella mwenyewe aiondoe kesi kabla haijatupwa, asubiri barua, kisha aifungue upya.

"Nikiiondoa napoteza nini?" Arvella aliuliza.

"Kisheria, hupotezi. Ukipata barua, unarudi. Ila ujue jambo moja. Kesi ikiwa mbele ya jaji, wanaogopa kumpa mtu ile nafasi. Ukiiondoa, mikono yao iko huru."

"Na wewe ungefanya nini?"

Bi Whitlow alipenga kamasi. "Kesi ni yako, Bi Stubbs. Nenda ukalale nayo."

Jumapili baada ya ibada tulikaa jikoni kwa Arvella, yeye, mimi na Mozelle. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi. Mlo huu nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko maombi yangu. Mozelle ndiye aliyeomba tujumuike. Alikuja na keki.

Arvella alisema, "Mimi naona niiache ilale hukohuko mahakamani. Ikilala kule, wao huku hawapati usingizi."

"Hayo ndiyo maneno," nilisema.

Mozelle aliweka paja la kuku chini. "Zelma anapenda mambo ya mahakama kwa sababu televisheni yake imekufa."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

"Hebu nisikilize mwenzangu," Mozelle akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Haskell anapita nyuma yetu ananusanusa. Wale wasichana wanaogopa hata kula meza moja na sisi. Jaji akiitupa hiyo kesi, watasema umeshindwa. Ukiiondoa mwenyewe, umeondoka kwa miguu yako. Si yule wakili mwenye makamasi kakwambia hupotezi kitu?"

"Kasema watagawa nafasi."

"Wampe nani? Nani anaitaka na macho yote haya yanawatazama? Iondoe, shoga. Mambo yapoe. Barua ikija tunarudi pamoja, na mimi nitasimama mbele ya jaji niseme nilichosikia, neno kwa neno."

"Utasema?"

"Nisiposema mimi atasema nani? Wewe na mimi tumetoka mbali, Arvella."

Arvella akamwongezea mkate wa mahindi kwenye sahani. Nikajua ameshaamua. Kwa Bi Whitlow alisikia sheria, ila kwa Mozelle alisikia mtu wake. Jumatatu aliweka saini kwa mkono ule uliokunjika kwa kisu, karatasi ikaenda Greenville, na kesi ikawa haipo.

Haikuchukua hata wiki mbili. Haskell aliingia kwenye ukumbi wa kulia chakula akiwa amechana nywele, akagonga meza kwa funguo.

"Ile habari ya mahakamani imekwisha," alisema. "Bi Stubbs ameiondoa mwenyewe, kwa hiari yake, nasi tunamshukuru kwa hekima hiyo. Sasa turudi kuwa familia. Na familia ina msimamizi mpya wa laini. Mpigieni makofi Bi Mozelle Griggs."

Mimi nilikuwa na uma mdomoni. Niligeuka kumtazama Arvella. Alikuwa anapiga makofi. Mikono yake ilianza yenyewe, kama ya mtu kanisani anayeitikia kabla hajasikia wimbo gani, kisha ikasimama. Mozelle alisimama karibu na mashine ya soda, ameinamisha kichwa, aproni mpya imekunjwa kwapani. Alikuwa ameshapewa hata aproni.

Sasa tuna desturi yetu. Anayetoka kwenye laini humwachia kisu chake yule aliyesimama naye. Visu ni vya kiwanda kwa jina tu. Kila mmoja hukinoa chake kwa miaka hadi kinakuwa chembamba na kinaujua mkono wake, na hukifunga utepe wa rangi kwenye mpini. Cha Mozelle kilikuwa na utepe mwekundu. Mwisho wa zamu alikuja nacho, amekifunga kwenye taulo, wanawake wote wamesimama kutazama kama ilivyo ada.

"Arvella," alisema, "chukua. Ni chepesi kuliko chako. Kitakusaidia mikono."

Haki ya Mungu ningekuwa mimi ningemtupia usoni. Arvella alinyoosha mikono yote miwili, kwa sababu mmoja usingeweza, akakipokea. "Asante," alisema. Hakuongeza neno. Mtu hakatai kisu mbele ya watu. Sijui kama Mozelle alikuwa anategemea hilo.

Nilimfuata Mozelle kwenye maegesho ya magari. "Wee Mozelle! Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua watakupa wewe?"

"Walinishtukiza, Zelma. Leo hii hii. Ningefanyaje, nikatae? Si afadhali mmoja wetu kuliko mpwa mwingine?" Akaingia kwenye gari lake. Nilitaka kumwamini. Nasema kweli, nilitaka.

Arvella yeye alimwamini, angalau alisema hivyo. Tulirudi kwa Bi Whitlow, naye alikunja uso tangu tulipotaja jina. Malalamiko hayajafa, alisema, maana Arvella alinyimwa siku alipopewa mpwa, na hilo halifutiki. Lakini sasa kiwanda kitasimama mbele ya jaji na kusema, ubaguzi uko wapi nasi tumempa cheo mwanamke mweusi wa umri uleule, aliyesimama mezani palepale? "Kila kitu sasa kinaning'inia kwenye maneno ya chumba cha barafu," alisema. "Ni nani mwingine aliyasikia?"

"Mozelle," Arvella alijibu.

Bi Whitlow aliinamia mkoba wake. Alitafuta leso yake.

Mchunguzi wa Tume alikuja kiwandani, mzee mweusi mwenye suti ya kahawia, akawaita watu mmoja mmoja. Mimi nilimweleza kwamba Mozelle alinisimulia siku ileile nyuma ya mapipa. Aliandika, lakini alisema nilichosikia mimi ni simulizi, atamwuliza mwenyewe. Mozelle aliingia, akatoka haraka, akapita bila kututazama. Siku chache baadaye mzee yule alimpigia Arvella simu nyumbani. Nilikuwa nikimmenyea karanga za kuchemsha, maana maganda yalimshinda. Niliona uso wake ukibadilika.

Aliweka simu chini. "Anasema hakusikia."

"Nani?"

"Mozelle. Amesema alikuwepo lakini hakusikia neno. Amesema alikuwa na vizibo masikioni."

"Ndani ya chumba cha barafu?"

"Ndani ya chumba cha barafu."

Hakuna binadamu anayekaa na vizibo chumba kile. Haskell anajua, sisi tunajua, na watoto wetu wanajua kwa kutusikia. Lakini mzee wa suti ya kahawia hajawahi kuchota barafu, na karatasi yake ingesemaje? Nililia pale pale, bakuli la karanga mapajani. Arvella hakulia. Alikaa akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Barua ya ruhusa ilikuja baada ya kitambo. Haikusema nani mkweli. Ilisema tu kwamba Tume imemaliza, na sasa akitaka anaweza kwenda mahakamani, tena asikawie. Ile karatasi tuliyoikosa mwanzoni sasa ilikuwa mezani, imekaa juu ya kitambaa cha plastiki karibu na chupa ya pilipili, na Arvella hakuigusa. Nilipomhimiza alisema, "Kuna kitu nataka kujua kwanza. Hata jaji hawezi kuniambia."

Mozelle kama msimamizi alikuwa amebadilika, au labda alikuwa anajificha. Hakufanya mzaha tena. Alivaa vizibo muda wote, hata wakati wa chakula, vya rangi ya machungwa, vimeunganishwa kwa uzi nyuma ya shingo. Nadhani baada ya kuwaambia Tume vile, aliona bora avizoee. Alitembea nyuma yetu na saa yake, na alipofika kwa Arvella aliongeza hatua. Siku moja Haskell alimtuma, hakuweza kukwepa. Alikuja akagusa bega la Arvella, akampigia kelele juu ya mashine:

"Bi Stubbs, umebaki nyuma! Wanasema nikuandikie onyo!"

Bi Stubbs. Watu waliobatizwa katika maji yaleyale.

Arvella alifuta kisu cha utepe mwekundu kwenye aproni. Alielekeza kidevu kwenye chumba cha barafu, akaenda, na Mozelle akamfuata, sijui kwa nini, labda mazoea ya miaka. Mimi nilinyakua beseni nikaenda nyuma yao. Nilijifanya nachota. Mlango ukajifunga, kelele zikakatika, na ikawa kimya kile ninachokijua.

Mozelle alisimama karibu na mlango, vizibo vyake vya machungwa vimejaa masikioni. Arvella alimpa mgongo. Alivua glavu ya waya ya kukinga kisu, akaingiza mikono yote miwili kwenye lundo la barafu kama tunavyofanya sote maumivu yakizidi. Aliongea hivyohivyo bila kugeuka, kwa sauti ya chini, ile ya mlangoni kanisani wakati mchungaji anaomba.

"Ile Jumapili ulipokuja na keki, Mozelle. Walikuwa wameshakuahidi?"

Koleo langu lilisimama.

"Walishaniahidi," alisema Mozelle.

Ilimtoka tu. Nadhani alikuwa ameibeba siri hiyo muda mrefu na alichoka. Mozelle huyo wa maneno elfu, na lile moja tu ndilo lililokuwa la kweli.

Arvella aligeuka. Alimtazama, si macho, alimtazama masikio. "Na vizibo umevaa," alisema.

Mkono wa Mozelle ulikwenda sikioni, ukakigusa kile kizibo, ukabaki pale. Mdomo ulifunguka. Kisha akaanza kusema haraka, machozi yakimchuruzika. "Na mimi nina mikono, Arvella. Usiku siisikii. Juzi nimeangusha mjukuu. Haskell alisema nafasi ni moja, na wewe ulishampeleka mahakamani hawezi kukupa hata iweje, lakini kesi ikiwepo hatampa mtu yeyote. Akasema nikikushauri uiondoe... Na mimi nina mikono."

"Najua una mikono," Arvella alisema. "Nimesimama karibu nayo maisha yangu yote. Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Hivyo ulivyosema sasa. Ningekuachia."

Mozelle alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, na saa yake ya usimamizi ikadondoka kwenye barafu. Arvella hakumwokotea. Aliweka kile kisu cha utepe mwekundu juu ya mapaja ya Mozelle, taratibu, ncha ikitazama upande, kama alivyotufundisha sote kumpa mtu kisu. Halafu alifungua mlango kwa kiwiko, kelele zikaingia, akarudi mahali pake akachukua kisu chake cha zamani, kile kizito.

Nilimpeleka Greenville mimi, kwa gari langu, na barua kwenye mkoba. Karani alikuwa yule yule wa mwanzo. Alizipitia karatasi za Bi Whitlow, akauliza maswali yake yaliyoandikwa.

"Shauri hili umewahi kulifungua hapa kabla?"

"Ndiyo, bibie."

"Likaishaje?"

"Nililiondoa mwenyewe."

"Kuna aliyekulazimisha au kukuahidi chochote?"

Arvella alifikiri. Alikuwa amevaa glavu zake nyeupe za kanisani, siku ya kazi, na kalamu alikuwa ameibana kati ya viganja viwili kwa sababu vidole havikukubali. Nilijua anaona nini. Anaona jikoni kwake, na Mozelle akinyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha kuku.

"Hapana," alisema. "Nilishauriwa na rafiki."

Karani aliandika. Kwenye mstari wa mashahidi kulikuwa na jina langu, na chini yake, Arvella alikuwa amesisitiza liwekwe, la Mozelle Griggs. Nilimwuliza tukirudi, kwa nini umweke yule naye ameshawaambia Tume hakusikia? Alikuwa anatazama mabwawa yakipita dirishani.

"Atakuja atakula kiapo," alisema. "Nataka anidanganye akiwa amevua vizibo."

Kesi bado iko huko mahakamani. Arvella bado yuko kwenye laini, na asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya koti, maana binti yake ameolewa mbali. Mozelle hupita nyuma yetu na saa yake. Ile sehemu ya kulia kwa Arvella waliweka msichana mpya, naye anakatakata samaki vibaya sana, lakini Arvella hajamwonyesha.